Rivyu: PostgreSQL kwa kutunza taarifa nyeti za watu, naipa nne kwa tano

Nianze na jibu kabisa kwa wenye haraka. Kama unatafuta sehemu ya kuweka taarifa ambazo zikivuja kuna mtu atalia, yaani majibu ya vipimo, mikopo, namba za NIDA, chukua PostgreSQL, programu ya databesi (wengi tunaiita Postgres tu). Ni bure kabisa, hakuna atakayekuja kukudai leseni hata ukifikisha wateja milioni, na sio kitoto cha juzi maana ilianza kama mradi wa Chuo Kikuu cha California pale Berkeley mwaka 1986 na jina hili imelibeba toka 1996. Naipa nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeizuia kwa sababu nitaisema huko chini na sio sababu ndogo.

Mimi kazi zangu ni hizi za kliniki za mtaani, SACCOS, vishule vidogo, watu wanaokuja na daftari au Excel moja inayozunguka kwenye flashi wanakwambia tunataka mfumo. Sio benki. Kwa hiyo hii rivyu ni ya mtu mwenye seva moja au mbili za kukodi na hana kitengo cha usalama, kitengo cha usalama ni yeye mwenyewe akiwa na bando.

Na kabla hujaniambia SACCOS yenu ndogo haina taarifa nyeti, kasome Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Humo taarifa nyeti sio ugonjwa na dini tu, wameweka na miamala ya fedha ya mtu, taarifa za watoto, alama za vidole na mambo yote ya baiometriki. Yaani daftari la mikopo la walimu limo na rejista ya chekechea imo, na unatakiwa ujisajili kule Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Wenzetu Kenya walitutangulia na sheria yao ya 2019 na hawana utani, Septemba 2023 shule moja ilipigwa faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuposti picha za wanafunzi bila ruhusa ya wazazi. Picha tu hizo jamani, databesi hata haijaguswa.

Haya, tuingie kwenye mtambo wenyewe.

Kitu cha kwanza nachoipendea ni kwamba ukishaiweka inasikiliza localhost peke yake, yaani kompyuta ile ile iliyomo, kwenye poti 5432 (poti ni mlango wa mtandao), mtu wa nje hawezi hata kubisha hodi mpaka wewe kwa mkono wako uende kwenye postgresql.conf ukabadilishe listen_addresses. Unaweza kuona ni jambo dogo ila kumbuka kilichowapata watu wa MongoDB, databesi nyingine, Januari 2017, maelfu kwa maelfu ya databesi zilizoachwa wazi mtandaoni bila paswadi zilifutwa na wahuni wakaacha ujumbe wa kudai bitcoin. Au ile kampuni ya ushauri nasaha pale Ufini, Vastaamo, seva yao ya MySQL ilikaa wazi kwenye intaneti na akaunti ya root (mkuu wa wote) haina paswadi, ilipofika 2020 mtu akaanza kuwaandikia wagonjwa mmoja mmoja, lipa la sivyo natoa kila ulichomwambia mshauri wako. Wagonjwa kama 33,000. Mwaka uliofuata kampuni ikafilisika. Hapo hakuna udukuzi wa kwenye sinema, mlango ulikuwa wazi basi.

Sasa kuna mtego mmoja hapa ambao sio kosa la Postgres ila unawala watu wengi, nao ni Docker, chombo cha kuendeshea programu ndani ya vifurushi vinavyoitwa kontena. Ukiandika kwenye faili lako poti "5432:5432" Docker inaifungua kwa dunia nzima, na ile fayawoli ya ufw uliyoiwasha kwa mbwembwe zote hairuhusiwi hata kutoa maoni maana Docker inaandika sheria zake moja kwa moja kwenye iptables, fayawoli ya ndani ya Linux yenyewe. Unaangalia ufw status inakuonyesha kila kitu kimefungwa na huku databesi iko barazani. Andika "127.0.0.1:5432:5432", au bora zaidi usifungue poti kabisa, acha kontena ziongee zenyewe kwa zenyewe kwenye mtandao wao wa ndani. Ukimaliza jipime kutoka nje, tumia simu yako au seva nyingine, usijipime ukiwa ndani halafu ukafurahi.

Baada ya hapo kuna faili linaitwa pg_hba.conf, hili ndio mlinzi wa getini. Linasema nani anaingia, kwenye databesi gani, akitokea anwani gani, na athibitishwe vipi. Linasomwa kutoka juu kwenda chini na mstari wa kwanza unaolingana ndio unaotumika, hauendelei chini kutafuta mwingine, kwa hiyo mstari wa "trust" ukikaa juu huko chini unaweza kuandika masharti makali mpaka kesho ni kazi bure. Trust maana yake ingia tu bwana, hatuulizi. Futa. Weka scram-sha-256, ndio njia ya kawaida ya paswadi toka toleo la 14, na ile md5 ya zamani toleo la 18 wameshaitangaza kuwa inaondoka. Ushauri wa bure, unapompa mtu paswadi usiandike ALTER ROLE na paswadi yenyewe humo ndani, inaweza kubaki kwenye historia ya psql (dirisha la kuandikia amri za Postgres) na kwenye logi (daftari la matukio), tumia \password inaisimba kabla haijatumwa.

Enkripsheni (kusimba data isisomeke) ya njiani, yaani kati ya programu yako na databesi, ipo na inafanya kazi vizuri tu, ila mipangilio ya mwanzo upande wa mteja ni sslmode=prefer, nayo ni ya kujipa moyo. Maana yake nikipata TLS, yaani njia iliyosimbwa, sawa, nisipopata naendelea hivyo hivyo. Kama programu na databesi ziko seva mbili tofauti weka verify-full na cheti chake, chini ya hapo mtu akikaa katikati hutamjua.

Upande wa akaunti sitakaa sana, ni nidhamu tu. Programu isiingie kama postgres, ile akaunti kuu, kamwe. Tengeneza akaunti ya kumiliki majedwali ambayo inatumika siku ya kubadilisha muundo tu, nyingine ya programu yenye SELECT, INSERT, UPDATE (kusoma, kuingiza, kurekebisha) na hakuna zaidi, na ya tatu ya ripoti. Hiyo ya ripoti Postgres inakuruhusu kumpa mtu hadi safu kwa safu, mhasibu aone kiasi na tarehe asione ugonjwa. Mabosi huwa hawapendi hii, kila bosi anataka akaunti inayoona kila kitu, mwambie sheria haitaki. Pia kama unatumia toleo la chini ya 15 kumbuka kila mtu anaruhusiwa kutengeneza vitu kwenye skima ya public (sehemu ya pamoja ya databesi), ondoa hiyo ruhusa, kuanzia 15 wameshaiondoa wenyewe.

Sasa tuje kwenye kitu kilichonifanya nihamie huku jumla, ulinzi wa mstari kwa mstari, wenyewe wanaita RLS, ulikuja na toleo la 9.5 mwaka 2016. Chukulia una mfumo mmoja unatumiwa na kliniki kadhaa na wagonjwa wote wako kwenye jedwali moja. Kawaida unamtegemea developa akumbuke kuweka WHERE kliniki_id (sharti la kuchuja kliniki) kwenye kila kweri, yaani kila ombi kwa databesi, na developa siku moja saa nane usiku atasahau, na kliniki ya Mbagala itafungua ukurasa ione wagonjwa wa Tegeta. Ukiwa na RLS sera unaiweka kwenye databesi yenyewe, mstari hauonekani mpaka namba ya kliniki iliyoko kwenye seshini ifanane na ya kwenye mstari. Developa asahau asisahau, mistari ya wengine haipo, na akijaribu kuingiza mgonjwa kwenye kliniki sio yake inamkatalia. Kwa kweli hii peke yake kwangu ni nyota mbili.

Ila soma vizuri kabla hujaanza kutamba. Mwenye jedwali hahusiki na sera zake mwenyewe mpaka uandike FORCE ROW LEVEL SECURITY, ndio maana nimesema programu isiingie na akaunti inayomiliki majedwali, maana watu wanaandika sera nzuri, wanajaribu na akaunti ile ile iliyotengeneza jedwali, wanaona kila kitu kinaonekana wanasema RLS haifanyi kazi. Supayuza (akaunti kuu) na mwenye ruhusa ya BYPASSRLS nao wanapita tu. VIEW, yaani kweri iliyohifadhiwa kama jedwali, pia inasoma kwa ruhusa za aliyeitengeneza, sio za anayeiuliza, kwa hiyo VIEW moja ya ripoti inaweza kukuangusha sera zote, toka toleo la 15 kuna security_invoker ya kuziba hilo, iwashe. Na mtego ambao ni mbaya kuliko yote kwa maoni yangu ni huu wa koneksheni za kushea. Wengi tunaweka PgBouncer mbele, programu ya kugawana koneksheni chache kwa watu wengi, sasa ukiandika SET ya kawaida kusema seshini hii ni ya kliniki namba 3, ukiwa kwenye hali ya transaksheni, kila muamala mmoja ukiisha ile koneksheni inarudishwa inapewa mtu mwingine na bado imebeba namba 3 kichwani. Mtu wa kliniki 7 anasoma ya kliniki 3. Tumia SET LOCAL ndani ya transaksheni, ikiisha inajifuta yenyewe. Hili liandikie jaribio kabisa, lirudi kila mnapobadilisha kodi.

Haya ile nyota sasa.

Postgres ya kawaida, hii ya bure tunayoshusha wote, haina enkripsheni ya mafaili yake yenyewe. Mtu akibeba diski au akikopi folda ya data anasoma majina ya watu kwa kutumia amri ya strings tu, inayochomoa maandishi kwenye faili, hahitaji paswadi. MySQL na MariaDB wanayo hii kitu ndani, kuna makampuni kama EDB wana matoleo yao ya Postgres yenye nayo, ila hii yetu hakuna, na inajadiliwa miaka na miaka. Jibu unalopewa ni tumia LUKS, simba diski nzima kwenye Linux. Sawa, na mimi ndivyo nafanya, lakini seva ikiristati usiku huko kwa mwenye datasenta lazima mtu aamke aandike paswadi ya diski la sivyo databesi haiwaki, na kliniki inafungua saa moja asubuhi. Kuna njia za kuotomatisha kwa Clevis na Tang, zinazoifungua diski kupitia mtandao, ila kwa mtu mwenye seva moja ni mlolongo. Na hata ukifanya yote hayo uelewe diski iliyosimbwa inakulinda na mwizi wa diski basi. Seva ikiwa imewaka diski imeshafunguliwa, aliyepata paswadi ya databesi anasoma kila kitu.

Kwa hiyo zile safu nyeti kabisa lazima uzisimbe moja moja. Wengi wanakimbilia pgcrypto, kiongezi cha kusimba, inakuja na Postgres yenyewe, unaandika pgp_sym_encrypt na mambo yanaenda. Tatizo kazi inafanyika ndani ya seva ya databesi, maana yake ufunguo unasafiri ndani ya kweri kwenda huko huko unakomwogopa mtu, na kweri ikifeli ikaandikwa kwenye logi ufunguo nao umeandikwa. Nyaraka zao wenyewe zinakuonya. Mimi nasimba upande wa programu kwa AES-256-GCM kabla data haijaondoka, databesi inapokea takataka isiyosomeka na haina ufunguo wowote. Ufunguo usikae kwenye databesi, usikae kwenye bakapu, usikae kwenye Git unakotunza kodi. Ukiweza Vault (programu ya kutunza siri) au huduma ya funguo ya klaudi weka huko, usipoweza basi faili kwenye seva ya programu linalosomwa na akaunti moja tu, na nakala kwenye karatasi ndani ya kasha la chuma la ofisi, maana ufunguo ukipotea hakuna mtu wa kumpigia simu, data imeenda. Na kila rekodi ibebe namba ya toleo la ufunguo, siku ukibadilisha ufunguo utanishukuru.

Hapo ndipo watu wanakwama, kwamba ukishasimba huwezi kutafuta. Mapokezi anaandika namba ya simu, programu itaitafutaje wakati kila namba imesimbwa tofauti kila mara? Ushauri wa mitaani ni weka safu ya pembeni yenye heshi ya namba, yaani alama isiyorudishwa kinyume, kama SHA-256, utafute kwa hiyo. Usifanye hivyo aisee. Namba zetu za simu zinaanza na 06 au 07 halafu tarakimu nane, jumla ni milioni 200 tu, laptopu ya kawaida inaziheshi zote unasubiri chai ichemke, halafu inazilinganisha na zako. Ya NIDA nayo ina tarakimu 20 lakini nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, anayejua besidei yako ameshapata karibu nusu. Unachotaka ni HMAC, heshi yenye ufunguo wa siri ndani yake, ufunguo tofauti na ule wa kusimbia, hapo asiye na ufunguo hata aheshi mpaka asubuhi hapati kitu. Paswadi za watumiaji ni habari nyingine, hizo hazisimbwi kabisa, zinaheshiwa kwa Argon2id au bcrypt, taratibu kwa makusudi.

Kingine ambacho wanasheria hawakijui na nyie mnapaswa kukijua, DELETE kwenye Postgres haifuti pale pale. Mstari wa zamani unabaki kwenye faili mpaka VACUUM ipite, na hata hapo kuna WAL (kumbukumbu ya mabadiliko yote) na kuna bakapu. Mgonjwa akiomba taarifa zake zifutwe, zinaendelea kuishi kwenye bakapu mpaka hizo bakapu ziishe muda. Suluhisho ninalolipenda ni kila mtu kuwa na ufunguo wake mdogo, unafuta ufunguo, vilivyobaki kila mahali vinakuwa uchafu. Ni kazi zaidi, kwa SACCOS sijaweka, kwa kliniki nimeweka.

Bakapu zenyewe. pg_dump inakutolea faili unaloweza kulisoma kwa macho, kila kitu humo wazi isipokuwa zile safu ulizosimba wewe. Unatumia siku kadhaa kufunga milango halafu kila usiku skripti inatupa databesi nzima kwenye Google Drive ya mtu. Ipitishe kwenye age au gpg, programu za kusimba mafaili, kabla haijagusa diski nyingine, au tumia pgBackRest, programu ya bakapu, ina usimbaji wake ndani na naipendekeza sana, ngumu kidogo mwanzoni tu. Halafu irudishe hiyo bakapu kwenye seva tupu mara kwa mara uone inarudi kweli, pamoja na funguo.

Logi nazo zitazame. log_statement ikiwa "all" logi yako inageuka databesi ya pili isiyo na ulinzi, na hata ukiizima, kweri yenye kosa inaandikwa nzima nzima, kwa hiyo programu ikibandika thamani ndani ya SQL badala ya kutumia parameta (thamani inayotumwa pembeni ya SQL), jina la mgonjwa limo humo, na kwa kufanya hivyo umekaribisha na sindano za SQL juu, yaani mtu kupenyeza amri zake. Ya kujua nani alisoma nini lipo pgaudit, haiji na Postgres lazima uiongeze mwenyewe, na kwa kuwa supayuza anaweza kuizima tuma logi kwenye seva nyingine asiyoifikia. Sheria ya Kenya inakutaka umjulishe kamishna ndani ya saa 72 ukivujiwa, sasa usipokuwa na logi utamwambia nini, kwamba unahisi kuna mtu aliingia?

Wanaouliza kuhusu kukodi databesi iliyo tayari, mfano RDS ya Amazon, inakuondolea LUKS, bakapu na apdeti, ni raha. Ila enkripsheni ya stoo iwashe siku ile ile unaitengeneza, baadaye haiwashiki, itabidi uchukue nakala ya databesi ilivyo (snapshot), uikopi ikiwa imesimbwa, uanzishe mpya. Na mkoa wao wa Afrika uko Cape Town, hapo unasafirisha taarifa nje ya nchi na sheria yetu ina masharti yake kwa hilo, pita Tume kwanza kabla hujapita na kadi ya benki.

Nani simshauri? Kama ni kompyuta moja pale kaunta, haina mtandao, mtumiaji mmoja, Postgres ni mzigo wa bure, chukua SQLite, databesi ya faili moja, yenye SQLCipher ya kuisimba, faili zima linasimbwa maisha yanaendelea. Na kama hakuna mtu atakayeifanyia apdeti usiiweke, matoleo madogo ya kuziba matundu yanatoka kila robo mwaka, Februari, Mei, Agosti na Novemba, na kila toleo kubwa linahudumiwa miaka mitano tu. La 13 limeshatoka kwenye huduma Novemba 2025, la 14 linafuata Novemba 2026, na kuhama toleo kubwa sio kubonyeza kitufe, kuna pg_upgrade na kuna kusimamisha huduma, kwa hiyo anayeanza leo aanze na 17 au 18 na aandike kabisa kwenye mkataba nani anailipa hiyo kazi ya kila robo mwaka, maana mteja akishaona mfumo unafungua anadhani umemaliza.